Bata Bukini Anaongea

Lanham, Maryland
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na Mama, pamoja na wote walioketi hapo sebuleni wakingoja Kiptoo aisome barua hii kwa sauti. Kiptoo, ndugu yangu, soma polepole, usiruke mistari, na usiongeze yako. Kazi ya kuongeza ina mwenyewe katika nyumba hiyo.

Goti lako linaendeleaje, Baba? Mama aliniambia umeanza tena kupanda ngazi kukagua paa, na tangu siku hiyo nikiona ngazi yoyote ofisini naizunguka. Tafadhali, ngazi waachie wenye magoti. Na kile kikohozi cha Mama, kimeondoka au kimejificha tu? Mimi ni mzima. Baridi imelegea, miti iliyokuwa kama fito za ua imetoa majani, nami nimeacha kuvaa soksi juu ya soksi.

Najua unachongoja. Ungependa niruke salamu niende moja kwa moja kwenye jibu. Lakini unanijua: mimi hata mlango ulio wazi naubishia hodi. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu mtandao wa hapo nyumbani hukatika, na niliogopa usije ukakatika katikati ya jibu, ukabaki na nusu ambayo si nzuri. Jibu langu lina nusu mbili. Nakuomba usiikasirikie ya kwanza kabla hujasikia ya pili.

Kiptoo alinieleza mambo yote. Kwamba vijana wa kanisa wanataka siku ya mavuno ukifufue kibanda chako cha video, safari hii mle ukumbini, ushike maikrofoni na kututafsiria filamu kama zamani. Kwamba ulikuwa umekubali, hata umeanza kulainisha koo kwa tangawizi. Kisha Brayo, mtoto wa fundi viatu, akasimama mbele ya watu na simu yake mkononi akasema, "Mzee wetu, ile muvi ya bata nimeicheki kwa Kiingereza, mwanzo mpaka mwisho. Bata haongei! Miaka yote hiyo ulikuwa unatupiga changa la macho." Watu wakacheka. Ukarudi nyumbani, ukaizungushia maikrofoni fulana, ukaiweka juu ya kabati. Ukasema hutaigusa mpaka mimi, niliye huku Marekani kwa wenyewe, nikuambie ukweli: je, uliwadanganya watu?

Baba, swali hilo limenikalia kifuani kuliko kazi yoyote ya ofisini. Kwa sababu Kiptoo aliponiuliza, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaaibika kwa ajili ya bata huyo huyo.

Ofisi yetu iko Upper Marlboro. Tunatunza majalada ya watu: hati za ardhi, za ndoa, za mirathi. Jalada likiwekwa kwenye rafu isiyo yake, mtu anaweza kusimama dirishani asubuhi nzima akaonekana hana nyumba, na nyumba anayo. Kwa hiyo mimi nahakikisha, kisha nahakikisha kwamba nimehakikisha. Msimamizi wetu ni Bi. Odessa, mama Mmarekani Mweusi mwenye mvi zilizokatwa fupi na miwani iliyofungwa mkufu. Alijifunza Kiswahili chuoni enzi za ujana wake, na Kiswahili chake kimenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi. "U hali gani, binti? Je, majalada ya leo yako tayari?" Nikiisikia hiyo "je" yake, nafungua tena majalada niliyokwisha kuyakagua. Niko bado katika miezi ya majaribio, na yeye ndiye wa kusema nibaki au niende.

Basi siku moja, wakati wa chakula cha mchana, wenzangu walikuwa wakizitaja filamu za kuchekesha walizozipenda utotoni. Mimi kwa kawaida hula kimya. Lakini mmoja akaitaja ile ya bwana mnene anayesafiri na bata bukini ndani ya gari, na moyo ukanidunda kama mtu aliyesikia jina la kwao likitajwa ugenini. Kabla sijajizuia nikasema, "Hiyo naijua! Ile ambayo bata anamsema yule bwana njia nzima!"

Wakanigeukia. "Bata anafanya nini?"

"Anamsema. Anamwambia mkewe alimkimbia kwa sababu ya kukoroma."

Bi. Odessa akaweka uma chini. "Binti," akasema, "filamu ile mimi na ndugu zangu huitazama kila Krismasi. Bata yule haongei. Ni bata tu."

Walicheka, si kwa ubaya. Lakini kuanzia siku hiyo kila nilipopita na kigari cha majalada, kulikuwa na mtu wa kunililia "kwaa" kutoka nyuma ya kabati. Nikawa nawaza: mtu anayemtia bata maneno mdomoni, nani atamkabidhi hati ya ardhi ya watu?

Nikaitafuta filamu yenyewe kwa Kiingereza nikaitazama. Hii ndiyo nusu ya kwanza ya jibu, Baba. Mama, mshike mkono.

Brayo amesema kweli. Kwa Kiingereza bata haongei. Na yule bwana mnene hapeleki mahari ukweni California. Ameachiwa bata huyo na shangazi yake marehemu, naye anampeleka mahali ndege wanapotunzwa. Yule polisi uliyetuambia ni binamu yake aliyepotea utotoni ni polisi tu. Na yule mchungaji ambaye neno lake lilimliza Mama hadi akatoka nje, kwa Kiingereza ni mtu anayeuza magari. Nilitazama mpaka mwisho bila kucheka hata kidogo. Nilihisi kama mtu aliyerudi nyumbani kwao akakuta wapangaji.

Sasa nusu ya pili.

Nilikwisha kukuambia kwamba napanga chumba kwa mama mmoja wa Kihindi, Mama Sarla, mjane, mzaliwa wa Kanpur, aliyestaafu kazi ya kutoa dawa hospitalini. Dada Phoebe, yule muuguzi tunayesali naye Oxon Hill, ndiye aliyenipeleka kwake. Kila Jumamosi alasiri Mama Sarla huchemsha chai ya iliki, huwasha runinga, akatazama filamu za kuchekesha za Hollywood zilizotiwa sauti za Kihindi. Sisemi filamu za Kihindi, Baba. Ni Wazungu wale wale wa Hollywood, mdomo unasema yake na sauti inasema yake, kama zile diski alizokuwa akikuletea fundi Jaswant wa kiwanda cha mbao.

Unakumbuka? Wewe ulikuwa na Kihindi cha kiwandani: leta, shika, sukuma, angalia kidole chako, na matusi. Hayo mengine uliyajaza mwenyewe. Na mimi niliyekua nikikaa miguuni pako kibandani niliamini kabisa kwamba Wamarekani huongea Kihindi. Siku nilipotua hapa na ofisa wa uhamiaji akanisemesha kwa Kiingereza, kuna mtoto ndani yangu aliyeshangaa.

Jumamosi hiyo nilipanda sebuleni kutoka chumbani kwangu chini nikiwa nimenyong'onyea. Mama Sarla akanitazama. "Kwa nini uso umekaa kama chapati iliyokataa kufura, beti?" Ananiita beti, binti yake. Nikamweleza habari ya bata, ya ofisini na ya nyumbani. Alichukua rimoti, akatafuta, akaipata filamu ile ile kwa Kihindi. Bwana mnene akaingia garini. Bata akageuza shingo, akamtazama.

Na akaongea, Baba! Bata akaongea!

Sauti ya bibi kizee, ya puani, ya kulalamika. Alisema, kama Mama Sarla alivyonitafsiria baadaye, kwamba yule bwana anaendesha gari kama mtu anayeswaga mbuzi. Niliruka, kikombe kikaruka, chai ikaingia zuliani. "Anaongea! Anaongea!" nikapiga kelele kwa Kiswahili. Mama Sarla akainuka akidhani nimeungua. Alipoelewa, akarudi kitini kwa kicheko. "Arre, bila shaka anaongea! Bata mzima akae kimya safari yote hiyo? Kwani ni mgonjwa?"

Kumbe hukumzua wewe. Walimzua wao! Waliomtia sauti ya Kihindi walimwona bata amekaa bure kiti cha mbele, wakaona ni hasara.

Nilipokuwa napangusa zulia nilimuuliza, "Mama, Kiingereza umekitumia kazini maisha yako yote. Kwa nini huzitazami kwa Kiingereza?"

Akasema kwake Kiingereza ni viatu vya kazi. Ni vizuri, vimemfikisha mbali, lakini nani anacheka vizuri na viatu miguuni? Kisha akanieleza jambo ambalo nadhani nililijua kabla sijaambiwa. Yule bwana mnene kwa Kiingereza ni mgeni tajiri anayetuchekesha akiwa ng'ambo ya ukuta. Watu wa sauti wa kule Mumbai wakimpata wanamvua suti. Wanampa lafudhi ya mwuza mapera wa stesheni ya Kanpur. Katika filamu nyingine wakubwa wa benki wanagombana kama wakwe wanaogombea viti harusini. "Nyota wa Hollywood, beti, ana bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, na anaongea kama mjomba wangu Ramesh! Nisicheke?" Na pale mdomo unapofunga kabla maneno hayajaisha, hapo ndipo anapocheka zaidi, kwa kuwa anajua kuna mtu mahali fulani aliyepewa nafasi ya neno moja akashindilia sentensi nzima.

Hapo nikakuona wewe, Baba, umekaa juu ya kreti ya soda kando ya runinga, ukishindilia.

Nikamsimulia habari zako. Alisikiliza kikombe kikiwa hewani. "Yaani baba yako aliichukua hii ya Kihindi, akaipakulia ya kwenu juu yake? Hiyo ni pilau juu ya biriani! Na bata wenu anasemaje?" Nikamwambia bata wetu ana sauti ya Nyanya Tabitha, na anajua kila mtu wa Elburgon aliyeazima kitu asirudishe. Mama Sarla alijifuta machozi kwa ncha ya sari. Kisha akasema, kama mtu anayeagiza sukari, "Jumamosi ijayo mlete huyo bosi wako."

Mimi nimwalike Bi. Odessa! Niliyapanga maneno ya mwaliko kwenye basi kutoka New Carrollton, nikayapanga tena mbele ya kioo cha msalani, na nilipofika mezani kwake yakanitoka yote. Nikasema tu, "Bata anaongea. Njoo Jumamosi uone."

Akanitazama juu ya miwani. "Je, kuna ushahidi?"

"Upo."

"Basi nitakuja na pai."

Akaja kweli, amevaa kofia yake ya kanisani, na pai ya viazi vitamu mikononi. Mama Sarla akampa kiti kizuri na chai. Walisalimiana kwa adabu kubwa, kama mawakili wa pande mbili. Filamu ikaanza. Bwana mnene, gari, bata akageuza shingo, akafungua mdomo.

Bi. Odessa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Bata ameongea," akasema. Akasogeza kiti karibu na runinga. "Je, amesema nini?"

Mama Sarla alifungua mdomo amweleze kwa Kiingereza, kisha akaufunga, akaninyooshea kidole. "Muulize huyo. Ndiye mtoto wa mwenye kazi." Na akapunguza sauti ya runinga.

Baba, niliogopa kama siku ya mahojiano ya viza. Nilianza kwa ile sauti yangu ya ofisini: "Bata anasema kwamba dereva hana uangalifu."

"Hivyo tu?" akauliza Bi. Odessa. "Mbona mdomo wake ungali unaenda?"

Na kweli bata alikuwa anaendelea, na mimi ningebaki nyuma tukio lingenipita, na wewe ulitufundisha kwamba mtafsiri aliyepitwa na tukio ni kama aliyeachwa na treni. Nikafumba macho, nikashika kijiko cha chai mbele ya mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Haya haya haya, watu wangu wa Elburgon! Mlio mbele ketini, mlio nyuma acheni kusukumana! Bata huyooo! Anamwambia, wewe tumbo kubwa akili ndogo, hii ni barabara ya Nakuru au ni shamba la babako? Na lile toroli la Mwalimu Njoroge utalirudisha lini?"

Bi. Odessa aliweka sahani ya pai chini. "Je, Mwalimu Njoroge ni nani?"

"Jirani yetu."

"Na toroli?"

"Hadi leo halijarudi."

Hapo, Baba, yule mama ninayemwogopa alianguka. Alipiga paja, kofia ikakaa upande, akamshika Mama Sarla mkono bila kujua amemshika. "Simama kidogo! Pumzi zimeniishia!" Lakini nitasimamaje, na bata hasimami? Nikaendelea. Polisi akawa binamu aliyepotea. Mwuza magari akawa mchungaji. Mama Sarla alicheka kwanza kwa Kihindi, Bi. Odessa akafuata kwa Kiswahili, halafu Mama Sarla akacheka upya kwa kumtazama Bi. Odessa. Nilisimama katikati ya zulia na kijiko changu, jasho likinitoka, na sikuogopa kitu chochote. Nilikuja kuligundua hilo baadaye tu. Wakati wenyewe sikuwa na nafasi.

Kisha tukafika ziwani, mwishoni, bwana mnene anapofungua mlango wa gari amwache bata aruke. Kwa Kiingereza pale hakuna neno hata moja. Ni muziki, na yule bwana anapangusa pua. Kwa Kihindi, Mama Sarla alikuwa ameshanieleza, anamwambia, "Unywe maji, na usizoeane na wageni." Mama Sarla akacheka. Bi. Odessa akanigeukia angojee zamu yake. Nami nikawa nimefika pale pako, Baba, nikakishusha kijiko.

Unajua kwa nini. Uwanja wa ndege wa Nairobi, Mama analia, dada Rebeka analia, nami nimekumbatia mkoba wa hati kama mtoto mchanga. Wewe hukulia. Ulinisogelea sikioni, na kwa ile sauti ya kibandani ukaniambia maneno ambayo bwana mnene wako humwambia bata. Nikacheka na kulia kwa pamoja, hata mlinzi akaniuliza kama nina pasipoti.

"Je," akasema Bi. Odessa, polepole safari hii, "anamwambia nini?"

Nikamwambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza ili Mama Sarla naye asikie. "Anasema: Nenda sasa. Usiuogope ukubwa wa mbingu. Ukifika, piga kelele, tujue umefika."

Hakuna aliyecheka. Bata aliruka, maji yakatulia. Mama Sarla akasema, "Kwa Kihindi hilo halimo."

"Kwa Kiingereza pia halimo," akasema Bi. Odessa. Alikuwa bado anamtazama yule bwana kwenye runinga, amesimama ufukweni na pua yake. "Lakini ndilo alilokuwa akilisema. Nimeuona uso ule kila Krismasi, wala sikujua unasema nini."

Basi hilo ndilo jibu langu, Baba, na nimelihakikisha, kisha nikahakikisha kwamba nimelihakikisha. Maneno mengi hukuyatafsiri, maana hukuyajua, na ukiulizwa tena ukumbini usiseme uliyajua. Sema ulitafsiri nyuso. Sema uliwaleta wale watu wa mbali wakakaa na sisi kwenye mabenchi, wakaazima matoroli yetu wasirudishe. Aliyeingia kibandani mwako hakutoka akidhani amejifunza Kiingereza. Alitoka amecheka, mbavu zinamuuma, na akaenda kazini kesho yake. Wa kudanganywa pale alikuwa nani?

Nisisahau la ofisini. Jumatatu Bi. Odessa alisimama mbele ya wenzangu wote akatangaza, "Nathibitisha. Bata anaongea. Nimeitazama filamu ile tangu ujana wangu, nami sikujua bata alikuwa na maoni." Wakataka kujua ameyatoa wapi hayo, akawaambia wamwulize mtaalamu. Kisha akapita mezani kwangu akaniambia nilete sweta ya kuacha nyuma ya kiti changu, kwa kuwa chumba hiki kikifika Desemba kina baridi mbaya. Nilikuwa nimeshaanza kumjibu kwamba sweta ninayo nyumbani ndipo nikaelewa. Desemba, Baba! Amesema Desemba!

Mama, nakusalimu sana. Ukilia tena kwenye neno la mchungaji lia tu, mimi sitakuambia tena ni nani. Rebeka, dada yangu, nimepata picha ya mtoto, ana masikio ya Baba, pole. Shangazi Marita apokee salamu, na amwambie Nyanya Tabitha kwamba sauti yake imefika Maryland na imependwa. Mwalimu Njoroge mwambieni habari za toroli lake sasa zinajulikana katika ofisi ya serikali. Na Brayo asigombezwe. Alisema ukweli. Mpeni benchi la mbele siku ya mavuno, karibu na spika.

Baba, mwombe Kiptoo apande kwenye kabati, si wewe, aishushe ile maikrofoni na kuitoa kwenye fulana.

Na jambo moja la mwisho. Uliniambia nikifika nipige kelele. Siku ile nilipofika niliogopa nyumba ya watu, nikakupigia simu nikanong'ona, "Nimefika salama." Ulinyamaza kidogo kabla ya kusema, "Haya, mwanangu." Niliusikia ule unyamavu. Kumbe nilikuwa sijafika.

Kiptoo, hapa inuka. Vuta pumzi. Soma kwa nguvu zako zote, mpaka fundi viatu asikie:

KWAAAA!

Ni mimi, binti yako,
Jerusha